UZI: Gari likishika moto kwenye mbio, nani anamfikia dereva kwanza?

Fundi_wa_Katwe (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi nilikuwa kwenye kibanda cha chai nyuma ya gereji, vijana wameinamia simu moja wanaangalia ajali za mbio. Ikafika ile ya Australia. Magari yamepangwa, taa zinazimika, moja linagoma kuondoka. La nyuma halikuliona. Likaingia moja kwa moja kwenye buti, na kabla hujapepesa jicho nusu ya barabara ni moto. Dereva akatoka. Kijana mmoja anayejifunza ufundi kwangu akasema, "Ona, ametoka mwenyewe. Wale wenye mitungi ya kuzimia moto wanakula posho ya bure."

Chapati ilinikaa kooni. (Na kwa wasomaji wa nje: kwetu Uganda posho ni ugali pia, kwa hiyo aliwatukana mara mbili.)

Dereva yule ni Karl Reindler, uwanja ni Barbagallo karibu na Perth, mwaka 2011. Aliyemgonga ni Steve Owen. Reindler alitoka hai, mikono imeungua. Mimi kama fundi jicho langu lilienda kwenye tangi. Magari yale tangi la mafuta lilikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, maana yake ukigongwa nyuma tangi ndilo bampa lako. Gari jipya walilolileta mwaka 2013 tangi likasogezwa mbele ya ekseli. Hilo ni jambo zuri, lakini sikufungulia uzi tangi.

Kwa asiyefuatilia: mbio zile ni za turingi, yaani za magari yanayofanana na saluni za barabarani. Milango minne, paa, boneti, kila kitu, ila ndani yamekwanguliwa yakabaki mabati na keji ya chuma. Yanagongana mlango kwa mlango kama teksi za Old Taxi Park saa kumi na mbili jioni.

Moto wake una tabia zake. Watu hudhani ni petroli ya tangi. Tangi la mbio siku hizi ni mfuko wa mpira mgumu uliofumwa kwa nyuzi, ndani umejazwa sponji, kuupasua si mchezo. Mara nyingi moto huanzia mbele: paipu ya oili imechomoka, oili inarukia ekzosi au turbo ambayo imeiva nyekundu kama kaa la sigiri. Au wamegongana, bodi imekunjika, tairi linaisugua mpaka mpira unawaka. Au dereva ameteleza nje ya lami, nyasi kavu zikabanwa chini ya ekzosi. La nyasi hata wewe wa Probox unalijua ukiegesha shambani.

Sasa, ovaroli ya dereva ni ya nyuzi za Nomex. Haishiki moto kirahisi, lakini joto linapita. Wanaoipima maabara wanaipima kwa sekunde, hawafiki dakika. Fulana ya ndani, soksi, glavu, kitambaa cha kichwani, vyote hivyo vinamnunulia mtu sekunde. Mimi nauliza habari ya huyo anayetakiwa kufika sekunde hizo hazijaisha.

Nauliza kwa sababu niliwahi kuwa huyo mtu, na nilishindwa.

Ilikuwa siku ya mbio ndogo za murram (barabara ya changarawe) nje ya Kampala, uwanja siutaji. Nilijitolea kuwa marshali, yule msimamizi anayekaa kwenye kona. Nikapewa kizibao cha rangi ya chungwa, bendera ya njano na mtungi wa poda wa kilo 9. Mafunzo yalikuwa dakika kumi chini ya mwembe. Raundi ya nne, Corolla kuukuu ikapita kwenye kona yangu. Niliinusa kabla sijaiona vizuri, petroli mbichi. Ikasimama kama mita arobaini mbele yangu. Moshi mweupe chini ya boneti, kisha mweusi. Nikakimbia, nikavuta pini, nikabana mkono.

Fsss.

Upepo mtupu. Poda haikutoka hata ya kujipaka usoni. Mtungi ule ulikuwa umezungushwa nyuma ya pikapu miezi mingi kwenye barabara za murram, poda ikashindiliwa chini kama unga wa muhogo kwenye gunia. Mshale wa presha ulikuwa kwenye kijani. Asubuhi nilikuwa nimeukagua na kujiona mtaalamu.

Dereva alitokea mlango wa abiria. Walioua moto ni watu wawili wa boda na mama mmoja aliyekuwa anauza rolex (chapati ya mayai). Wale wa boda walichota murram kwa helmeti zao wakaimwaga chini ya boneti, mama akaja na gunia lililolowa alilofunikia soda zake. Boneti ikababuka rangi, injini ikapona.

Mimi nilibaki nimekumbatia mtungi wangu.

Hoja yangu ni hii, mnipinge: kwenye mbio zetu watazamaji ndio watafika kwanza, siku zote. Tuache kuwafukuza tu kwa fimbo. Tuwafundishe.


Boda_Mstaarabu

Helmeti zetu zina kazi nyingi kuliko mnavyodhani ssebo. Abiria ndio hawazitaki.


Kijana_wa_Ntinda

Mzee Fundi, heshima yako, lakini zama zimebadilika. Tazama Grosjean, dereva wa Formula 1, Bahrain, 29 Novemba 2020. Gari limekatika vipande viwili kwenye uzio, pigo la 67G (mara 67 ya uzito wake), amekaa ndani ya moto takriban sekunde 28, ametoka kwa miguu yake. Kilichokiokoa kichwa chake ni Halo, ile fremu ya chuma juu ya kichwa cha dereva. Pesa iende kwenye gari. Gari likiwa salama hata marshali akiwa amelala hakuna shida.


Tonto_Kidogo

Samahani kuingilia, kuna mwenye turbo ya Subaru GC8 iliyo nzima? Nipo Mukono.


Fundi_wa_Katwe

@Kijana_wa_Ntinda mwanangu, itazame tena ile video ila safari hii usimtazame Grosjean. Tazama pembeni. Gari la daktari lilikuwa limefika wakati bado yumo ndani, kwa sababu kwenye mzunguko wa kwanza linawafuata madereva nyuma. Desturi hiyo haikuanguka kutoka mbinguni, ilikuja baada ya dereva Ronnie Peterson kufa kufuatia ajali ya Monza mwaka 1978. Aliyeliendesha Bahrain ni Alan van der Merwe, Mwafrika Kusini, na Dakta Ian Roberts akashuka akauendea moto. Wakati Grosjean anapanda uzio kuna mtu ananyunyiza mtungi kumfungulia njia kwenye moto. Ukimwondoa yule wa mtungi, sijui hesabu yako inakuwaje.

Halafu Halo ni ya magari yasiyo na paa. Turingi ina paa, na paa lina ubaya wake: moshi haupati pa kwenda. Mtu anaweza kuzirai hajaguswa na ulimi wa moto. Mlango ukikunjwa na gari la mwenzake, na upande wa pili amekaa ukutani, anabaki na kioo cha mbele tu.

@Tonto_Kidogo njoo gereji, lakini si kwenye uzi huu bwana.


Afande_Mstaafu

Fundi, nimesoma yote. Nimezima moto kwa serikali miaka mingi kabla ya kustaafu, na nikiwa kazini nimesimama pembeni ya mbio zaidi ya mara moja. Naomba nikupinge kwa adabu.

Kwanza mtungi wako. Kosa halikuwa la mtungi. Mtungi wa poda unaosafirishwa kwenye gari unageuzwa kichwa chini kila mwezi, unagongwagongwa kitako kwa nyundo ya mpira au hata kiganja, mpaka usikie poda inatembea ndani. Mshale unakuambia habari ya presha peke yake. Hilo wangekwambia chini ya mwembe, lingekuwa dakika moja.

Pili, hata ungetoka, mtungi wa kilo 9 haufiki nusu dakika ukibana mfululizo. Ndiyo maana hatubani mfululizo. Unakuja upepo ukiwa mgongoni kwako, unapiga chini kwenye shina la moto, fupi fupi, unafagia. Poda inaangusha moto haraka lakini haipozi chuma. Ekzosi ikiwa bado nyekundu na oili inadondoka, moto unarudi ukiwa umeshageuka unapiga picha. Kwa hiyo watu wawili: wa kwanza na poda, wa pili nyuma yake na povu la kufunika na kupoza. Mtu mmoja na mtungi mmoja ni maombi.

Boneti usiifungue wazi. Nimeona wanaume wazima wanaifungua kama wanaangalia maji ya rejeta, hewa inaingia, moto unawalamba nyusi. Inua kidogo, vidole viwili, ingiza mdomo wa mtungi, au pitishia kwenye uwazi wa gurudumu.

Kabla ya hayo yote, umeme. Pampu ya petroli ya gari la mbio ni ya umeme. Injini inaweza kuwa imekufa na pampu bado inausukumia moto mafuta. Kwenye gari lililotayarishwa vizuri kuna alama mbili kwa nje, karibu na kioo cha mbele: radi nyekundu ndani ya pembetatu ya buluu, hiyo inakata umeme wote, na herufi E nyekundu ndani ya duara jeupe lenye ukingo mwekundu, hiyo ukiivuta mtungi wa ndani ya gari unamwagika kwa dereva na kwenye injini. Na mkanda wa dereva hauubonyezi kama wa Noah. Kifungo chake kipo tumboni, unakizungusha. Nimemwona marshali anakibonyeza kwa gumba mpaka kucha imeng'oka.

Sasa, hoja yako ya watazamaji. Hapana. Mnakumbuka Namungoona, Juni 2013. Lori la mafuta limepata ajali, watu wamekimbilia na madumu, zaidi ya 30 wakafa. Na Kigoogwa, Oktoba 2024, yaleyale. Watu wetu wakiona ajali hukimbilia, na nusu yao wanakimbilia simu na madumu. Wewe unataka nimwongezee huyo ruhusa?

Hata mwenye mtungi, mbio za miguu zinaua. Kyalami, Afrika Kusini, 5 Machi 1977. Gari la Renzo Zorzi limesimama pembeni na moto mdogo tu. Mamarshali wawili wakavuka lami kulifuata. Wa kwanza akapita. Wa pili, Frederik Jansen van Vuuren, kijana wa miaka 19, alikuwa amebeba mtungi wa kilo 18. Kuna kilima kidogo pale, madereva hawaoni mbele. Tom Pryce akamgonga kwa mwendo wa kilometa kama 270 kwa saa, mtungi ukampiga Pryce kichwani. Wakafa wote wawili. Zorzi hakuumia.

Na usiku uleule wa Grosjean, dakika za mwisho, gari la dereva Pérez likawaka, marshali akavuka lami na mtungi mkononi huku dereva mwingine, Norris, anakuja. Miaka 43 baadaye. Safari hii walipishana.


Mwana_wa_Nakuru

Afande, shikamoo. Uliyosema ya 1977 ni kweli tupu, ila uwanja huohuo una ushahidi wa Fundi. Kyalami, Machi 1973. Mike Hailwood na Clay Regazzoni wamegongana, gari la Regazzoni linawaka, yeye amezirai ndani. Hailwood akashuka kumfungua mkanda. Nguo zake mwenyewe zikashika moto, marshali akamzima, akarudi tena motoni mpaka akamtoa. Uingereza ikampa nishani ya George. Hakuwa mzima moto, alikuwa mtu aliyekuwa karibu.

Na Niki Lauda, gari lake lilipowaka Nürburgring, Ujerumani, 1976, walimtoa madereva wenzake: Merzario, Edwards, Lunger na Ertl. Merzario ndiye aliyeufungua mkanda. Uwanja ule ulikuwa na kilometa zaidi ya 22, ungeweka wapi wazima moto wa kutosha? Rali zetu ni vilevile. Hatua ya kilometa 20 katikati ya miwa ya Kakira au mashamba ya Kayunga, gari la uokoaji lipo mwanzoni. Nilizaliwa kwenye vumbi la rali ya Safari, gari likipinduka nimeona mara ngapi wanakijiji wanalirudisha kwenye magurudumu kabla msoma ramani hajamaliza kutukana.


Afande_Mstaafu

Marahaba. Huo mwaka 1973 umeutaja nusu. Malizia na Zandvoort, Uholanzi, Julai.


Mwana_wa_Nakuru

Hahaha, Afande umenibana. Haya. Gari la Roger Williamson limepinduka, linawaka, yeye yu hai chini yake. David Purley akasimamisha gari lake, akavuka, akajaribu kulipindua peke yake. Mamarshali walikuwepo, lakini hawakuwa na nguo za moto, hawakuweza kusogea. Mtungi ulikuwa mmoja, ukaisha. Mbio zikaendelea, madereva wengine wanapita wanadhani Purley ndiye mwenye gari na ameshatoka. Gari la zimamoto lilichukua dakika kadhaa. Purley naye alipewa nishani ya George, lakini Williamson alikuwa amekufa.


Fundi_wa_Katwe

Hiyo picha ya Purley akisukuma lile gari mimi siwezi kuitazama. Ukiangalia, kuna watu wamesimama pale, mita chache. Si kwamba hawakuwa na roho. Hawakuwa na nguo. Mimi siku ile nilikuwa na shati la mikono mifupi na sandali, naona aibu kuandika.

Ukitaka kuona kinyume chake tafuta Imola 1989, Gerhard Berger. Gari limepiga ukuta na tangi limejaa, moto mkubwa kuliko wa Reindler. Wale wa zimamoto walikuwa wamepangwa pale karibu, wamevaa kamili, magari yameelekea kule yanakotakiwa kwenda. Chini ya nusu dakika tangu kugonga, moto umekwisha. Berger alikosa mbio moja tu.


Nesi_wa_Mbale

Habari zenu. Mimi mbio sizijui, nimeletwa hapa na kaka yangu. Nimesoma mnazima moto vizuri, mkishamtoa mnamfanyaje?

Nawaambia tunachopokea wodini. Anakuja amepakwa dawa ya meno, mayai, au unga wa ngano. Naomba sana. Maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, saa ya simu mkononi, si kwa kukadiria. Si barafu. Pete, saa na viatu vitolewe mapema kwa sababu mkono utavimba. Nguo iliyogandana na ngozi msiivute, kateni pembeni yake muache iliyoshika. Kisha funikeni kwa kitambaa safi, hata nailoni ile safi ya jikoni.

Na huyo aliyevuta moshi ndani ya gari lenye paa mliyemsema: akiongea sauti imekwaruza, ana masizi puani, nywele za pua zimeungua, huyo asikae kupigwa picha na mashabiki hata kama anacheka. Koo linavimba baadaye. Akae kitako, apelekwe hospitali upesi. Namba ni 999 au 112.


Kijana_wa_Ntinda

Dada umenitisha. Grosjean alionekana mzima kabisa amekaa kwenye gari la daktari, na mikono yake baadaye tuliona ilivyokuwa.

Sawa, narudi nyuma kidogo. Ila bado sijaelewa Fundi unataka watazamaji wafanye nini hasa. Umma wa watu elfu mbili huwezi kuufundisha kufagia moto.


Fundi_wa_Katwe

Elfu mbili hapana. Afande kanisogeza, nakubali. Nilikuwa naandika kwa hasira ya chapati.

Ninachokiwaza ni hiki. Kila kona yenye watu wengi, asubuhi, marshali achague kumi. Wa boda, mwenye kibanda, wenyeji wa pale ambao watakuwepo mpaka jioni. Wanne kazi yao ni kushika kamba na kuwazuia wenzao, kwa sababu mtu wa kijijini anamsikiliza wa kwao kuliko mimi wa Katwe na kizibao changu. Wawili wanajua E na radi ziko wapi. Wawili wanakaa na madebe ya mchanga mkavu. Mmoja anapiga simu. Mmoja, huyu ni mama wa rolex, ana maji safi ya Nesi na saa. Hakuna hata mmoja anayevuka lami mpaka marshali aonyeshwe bendera nyekundu, yaani mbio zimesimamishwa. Ni nusu saa ya maelezo, kabla magari hayajaanza kukagua njia.


Afande_Mstaafu

Sasa unaongea kama mtu wa kazi. Wanne wa kamba wafanye sita. Mchanga uwe mkavu kweli, mbichi unaganda kwenye debe. Na hao wa E na radi wapewe glavu za ngozi na ovaroli ya pamba ya mikono mirefu. Nailoni hapana, inayeyukia mwilini.


Boda_Mstaarabu

Jaketi zetu zote ni nailoni afande.


Afande_Mstaafu

Basi unalivua kwanza. Hiyo ni sekunde tatu. Jizoeze.


Mwana_wa_Nakuru

Mna gari la kufanyia mazoezi? Vitabu havinukishi petroli.


Fundi_wa_Katwe

Lipo bodi la Carina nyuma ya gereji, halina injini, mlango mmoja umegoma kufunguka tangu mwaka juzi. Linafaa kabisa, maana hata kwenye ajali mlango unagoma. Tutachora E na radi kwa rangi ya mafuta. Yule kijana wangu wa "posho ya bure" nimemwambia yeye ndiye atakuwa dereva, atafungwa mkanda, na mwenzake atatakiwa kumtoa kupitia dirisha. Ana kilo 94. Tutaona Jumapili atasemaje.

Mitungi minne ninayo. Juzi usiku niliigeuza yote kichwa chini nikaigonga kitako moja baada ya nyingine, nimeweka sikio. Mitatu poda ilitembea, shwaa, kama mchele unaoingia kwenye debe. Mmoja kimya. Afande, huo mmoja nikuletee?


Afande_Mstaafu

Niletee. Ila usiulaze kwenye pikapu.